Je, Wajua? Mgongo Mgumu, Mifupa Dhaifu

Je, wajua kwamba mfupa unaweza kuota na kuliwa kwa wakati mmoja, tena katika pingili ileile? Ndivyo inavyokuwa kwa mwenye yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao madaktari huuita ankylosing spondylitis. Pembezoni mwa pingili huota mfupa mpya unaoziunganisha, hata picha ya eksirei ikaonyesha mgongo unaofanana na mwanzi. Ndani ya pingili hizo, mfupa unapungua.

Je, wajua mlaji ni nani? Ni mchochota wenyewe. Kemikali za kinga ya mwili, TNF na IL-17 zikiwamo, huziamsha seli zinazomega mfupa, na zile zinazojenga haziwahi kuziba pengo.

Je, wajua kwamba hali hii haisubiri uzee? Ugonjwa huanza kwa kawaida kabla ya miaka 45, mara nyingi katika ishirini na kitu, na mifupa huweza kupungua tangu miaka ya mwanzo, kabla pingili hazijashikana. Tumezoea kudhani kudhoofika kwa mifupa ni jambo la akina mama waliokoma hedhi. Hapa kijana wa kiume naye yumo hatarini.

Jeni ya urithi HLA-B27, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1973, ni adimu kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara. Ndiyo maana kijana mwenye mgongo unaouma huku kwetu hufikiriwa kwanza kifua kikuu cha mgongo au kazi nzito, na miaka inapita mchochota ukiendelea kula. Dalili ya kutajwa kwa daktari: mgongo unaokakamaa alfajiri zaidi ya nusu saa, ukalegea kwa kutembea wala si kwa kulala.

Nini kingine huongeza hatari? Kuishi na ugonjwa kwa miaka mingi. Kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha mchochota, kubaki juu. Wembamba uliopitiliza. Sigara, ambayo pia huharakisha kuharibika kwa mgongo. Pombe nyingi. Kukaa tu kwa kuogopa maumivu, kwani mfupa usiobebeshwa uzito hupungua.

Je, wajua kwamba tumbo nalo lina usemi? Baadhi ya wagonjwa wana pia ugonjwa wa Crohn, na utumbo wenye vidonda haufyonzi vizuri kalisi na vitamini D.

Jua linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D tunalo, lakini anayeshinda ndani au aliyejifunika mwili mzima halipati. Hata Oman na katika nchi nyingine za Ghuba, penye jua kali, upungufu wa vitamini D umeenea.

Je, wajua kuhusu vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni? Hapa naomba tukae kidogo. Hizi ni steroidi, na wapo wanaozinunua dukani bila cheti ili kutuliza mgongo, wengine ili wanenepe. Kwa yabisi ya mgongo, miongozo ya kimataifa haishauri kuzimeza kwa muda mrefu. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi miezi michache ya mwanzo, na hatari ya kuvunjika hupanda mapema. Aliyezimeza kwa muda mrefu asiziache ghafla, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza za kwake. Daktari ndiye wa kumshusha polepole. Ibuprofeni na diklofenaki si steroidi na ndizo dawa za kwanza za ugonjwa huu, ingawa tumbo na figo zahitaji kuangaliwa. Dawa za sindano zinazozuia TNF huongeza uzito wa mfupa wa mgongo. Bei yake ndiyo kizuizi kikubwa, na inauma kwamba tiba ipo na wengi hawaifikii.

Je, wajua kwamba kipimo cha msongamano wa mifupa kinaweza kudanganya? Mashine ya DXA huhesabu pia ule mfupa ulioota nje, kwa hiyo mgongo dhaifu husomeka kuwa imara. Omba nyonga ipimwe. Alama ya T ya -2.5 au chini yake ndiyo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa udhaifu wa mifupa.

Na je, wajua kwamba kuteleza bafuni kunaweza kuvunja shingo? Mgongo ulioshikana haupindi, unakatika, na mara nyingi ni kwenye pingili za chini za shingo. Eksirei ya kawaida huweza isiuone ufa. Kinachotakiwa ni CT au MRI. Maumivu mapya baada ya kuanguka, hata kidogo, yasichukuliwe kuwa yale ya siku zote. Wanaombeba mgonjwa waambiwe shingo yake ilikuwa imeinama tangu zamani, waishikilie hivyohivyo. Kuinyoosha kwa nguvu kunaweza kuujeruhi ugwe wa mgongo na kumpoozesha.