Mpenzi wa Kalulu ni Mpenzi wa Nani?

Kuna swali moja, wasomaji wapenzi, ambalo ukilitazama ni dogo lakini mizizi yake ni mirefu. Mtu anaponunua gazeti akaanza kutafuta picha za kuchekesha, kabla hajasoma habari za serikali wala za mpira, anamfuata nani? Yule aliyechorwa, au yule aliyemchora? Na siku mmoja wao akiondoka, msomaji atabaki na yupi?

Sisi watu wa pwani jambo hili tunalo tangu utotoni. Tulipotoka chuoni jioni, bibi zetu wakatukalisha mkekani kutusimulia vitimbi vya Abunuwasi, hakuna mtoto aliyeuliza hadithi hiyo imetungwa na nani. Tulimtaka Abunuwasi, basi. Na ajabu iliyoje! Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, tena mshairi, mmoja wa mabingwa wakubwa wa ushairi wa Kiarabu, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa Harun Rashid na kufariki yapata mwaka 814. Hekaya zimemmeza mwenye kalamu. Leo mtoto wa Lamu au wa Unguja anavijua vitimbi vyake vyote, wala hajui kwamba mtu huyo alitunga hata ubeti mmoja.

Kwa upande wa mashairi mambo ni kinyume. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakutuachia mhusika wa kuchekesha. Alituachia sauti yake, na jina lake lingali hai vinywani mwetu. Ndiyo maana watunzi wetu wengi hawafungi utungo bila ya kujitaja katika beti za tamati. Mwenye hadithi hujificha nyuma ya mtu wake, na mwenye shairi hujitokeza uwanjani.

Sasa katuni iko upande gani? Hapa Kenya hatuwezi kulijibu swali hilo bila ya kumtaja Juha Kalulu. Edward Gitau alianza kumchora katika miaka ya 1950, na kwa miaka mingi sana wasomaji walikutana naye katika gazeti la Taifa Leo. Hata jina lenyewe ni urithi. Juha ni yule mjinga wa hadithi za Waarabu, ambaye jina lake limegeuka kuwa neno la Kiswahili. Kalulu ni sungura, kama aitwavyo katika lugha za Malawi na Zambia. Mjinga na mjanja wametiwa katika kanzu moja, na wenye hadithi hizo za kale hakuna awajuaye.

Majuzi nilikwenda Masimba kumtembelea mpwa wangu anayefundisha Kiswahili huko. Masimba iko Masaba Kusini, katika Kaunti ya Kisii, nchi ya vilima, majani ya chai na migomba, ambako asubuhi mtu wa Mombasa hutamani kutoka nyumbani na blanketi lake. Mpwa wangu alinipeleka kwenye kibanda cha kinyozi ambacho kuta zake zimebandikwa kurasa za magazeti makuukuu. Alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akingoja zamu yake.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "usimchokoze huyu kwa Kiswahili. Atakushinda."

Naam, tulipoamkiana na kujuana hali, mzee alinieleza kwamba Kiswahili chake hakukipata darasani peke yake. Alikipata kwa Kalulu. Alipokuwa kijana, nyumbani kwao ni Ekegusii tupu, alikuwa akingoja gazeti lililokwisha kusomwa na watu wengine, akilipata anamtafuta Kalulu kwanza. Picha ilimfafanulia neno asilolijua.

"Mwalimu," nikamwuliza, "na aliyekuwa akimchora ni nani?"

Mzee akafikiri kidogo. "Bwana, mimi nilikuwa nikimsoma Kalulu. Sikuwa nikisoma pembeni."

Watu wakacheka. Nikadhani jibu nimelipata: msomaji ni wa mhusika. Lakini pale alikuwapo kijana mmoja anayechora mabango ya maduka. Akachukua kipande cha boksi na kalamu ya wino, akamchora Kalulu kwa kumkumbuka, akampa mzee. Mzee akavaa miwani, akakitazama kile kipande, akakigeuza huku na huku.

"Nguo ni za Kalulu," akasema. "Mwenyewe hayumo."

Hapo ndipo nilipoona kwamba lile jibu la kwanza lilikuwa nusu tu. Mzee yule jina la Gitau hakulikumbuka, lakini mkono wake aliujua barabara. Ni kama mpenzi wa taarabu asiyejua jina la mpiga fidla. Mbadilishie mpigaji, utamwona ameinua kichwa. Wapenzi wa katuni husema wanampenda mtu wa kwenye picha, kumbe wanachokipenda ni namna anavyoinama, anavyokimbia, anavyonyamaza kabla ya kutoa upuuzi wake. Na hayo yote ni ya mchoraji.

Majirani zetu wa Tanzania waliuona mtihani huu waziwazi. Gazeti la Sani, ambalo jina lake limetokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilipata umaarufu mkubwa kwa wahusika kama Lodi Lofa na Komredi Kipepe. Mchoraji wao, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 angali kijana mbichi. Wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwapokea, na kazi ikaendelea. Hivyo wako waliocheka na Komredi Kipepe miaka na miaka bila ya kulisikia jina la Ndunguru.

Wazungu nao wamegawanyika katika jambo hili. Hergé wa Ubelgiji, baba wa Tintin, hakutaka mtu mwingine aiendeleze kazi yake. Alipofariki mwaka 1983 Tintin alikoma kupata safari mpya, na zile za zamani zingali zinasomwa. Asterix wa Ufaransa alikwenda njia nyingine. Mtunzi wake, René Goscinny, alifariki mwaka 1977, mchoraji Albert Uderzo akaendelea peke yake, na mwaka 2013 kazi ikaingia mikononi mwa watu wapya kabisa. Wote wawili wana wapenzi hadi leo.

Lakini iko katuni ambayo msomaji hana budi kumfuata mchoraji, nayo ni ya siasa. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Tanzania, alichora katika Daily Nation kwa zaidi ya miaka 20. Alipoondoka hapo mwaka 2016 na baadaye kuonekana katika The Standard, aliondoka na nini? Marais na mawaziri aliowachora hawakuwa mali yake, kila mchoraji anao. Alichokichukua ni mkono wake na ulimi wake. Huyo ni sawa na Muyaka: hana mtu wa kujificha nyuma yake.

Msiseme haya ni mazungumzo ya barazani tu. Humu mna riziki ya watu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa na mtu mwingine, huhesabiwa kuwa imepita kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa wamepatana vingine. Maana yake, kijana anaweza kumzaa mtu wa kwenye picha, akamlea, akapendwa nchi nzima, kisha siku ya kuondoka akaambiwa mtoto si wake. Sheria hiyo hiyo humpa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, lakini haki asiyeijua mwenyewe haimfai kitu. Yule kijana wa Masimba alinionyesha daftari lenye mtu wake mwenyewe, makanga mwenye maneno mengi. Nikamwambia aweke jina na tarehe kwenye kila ukurasa, na asimpe mtu yeyote makanga wake kabla ya mapatano kuandikwa.

Kwa hiyo nasema hivi: mapenzi ya msomaji humwendea mhusika, na deni lake liko kwa mchoraji. Wala deni hili si zito kulilipa. Ukifungua gazeti kesho, cheka kwanza, maana ndilo lililokusudiwa. Ukimaliza kucheka, tupa jicho pembeni mwa picha, pale penye maandishi madogo, ulisome lile jina. Kisha umwambie na mwanao.