SIKU YA 14 ILINIDANGANYA: KUTAFUTA MTOTO UKIWA NA PCOS

Mimi niko Nkwenda, Kyerwa. (Kwa mlioondoka zamani: huku kulikuwa Karagwe, mpaka 2012 tulipopata wilaya yetu.) Leo naandika jambo ambalo huku tunanong'onezana jikoni tu.

Niliolewa, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili nao ukapita, kimya. Mama mkwe hakunitukana, ila kila tukimenya ndizi ananiuliza, "Mwanangu, vipi?" Baadaye wifi akanidokeza kuna binti anaangaliwa upande wa Kaisho. Hapo usingizi ukaniisha.

Mimi nilikuwa nahesabu siku kama tulivyofundishana shuleni: siku ya 14 ndo yenyewe. Kumbe hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28! Yai hutoka kama wiki mbili KABLA ya hedhi inayofuata. Mimi naziona siku zangu baada ya siku 60, mara 80. Kwa mzunguko wa 60, yai kama limetoka, limetoka karibu siku ya 46. Nilikuwa napiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajarudi.

Nikapanda gari hadi Bukoba. Daktari akaeleza kuwa PCOS inahitaji dalili mbili kati ya tatu: hedhi inayoruka, homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Kwanza wanahakikisha si tatizo la tezi ya shingo au homoni ya maziwa. Na vile vifuko si uvimbe wa kukatwa jamani, ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana hali hii, na wengi hawajui.

Halafu akasema: mlete mume. Mzee akagoma wiki tatu, "mimi ni mzima!" Alipokubali, majibu yake yakatoka mazuri. Niliogopa kuliko siku zote, maana sasa lawama zote zangu. Lakini daktari akamwambia, "Mkeo si mgumba. Mayai anayo, hayapevuki kwa wakati. Hilo lina dawa."

Dawa yenyewe ni letrozoli, inamezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha waliomeza letrozoli walizaa 27.5 kwa 100, waliomeza klomifeni 19.1. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata kilo 5 kati ya 100 kunaweza kurudisha hedhi. Wengine huongezewa metiformini, ile ya kisukari, maana PCOS na kisukari ni majirani.

Wadogo zangu, shikeni haya:
- Hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali hata kama hutafuti mtoto. Ukuta wa ndani ya mfuko wa uzazi ukikaa muda mrefu bila kutoka, hatari ya saratani inaongezeka.
- Mzunguko ukiwa haueleweki, achana na kalenda. Kutaneni kila baada ya siku mbili tatu.
- Mwaka mmoja bila mimba, pimweni WOTE WAWILI. Ukizidi miaka 35, miezi sita inatosha.
- Usinunue letrozoli kienyeji duka la dawa. Inaweza kuleta mapacha, na inahitaji mtu wa kufuatilia.

Mimi niko mwezi wa tatu wa dawa, bado. Ila mume wangu alikwenda mwenyewe kwa mama yake akamwambia habari ya binti wa Kaisho iishe. Juzi tumemenya ndizi na mama mkwe, akaniuliza, "Dawa umekunywa?"

Hayo ndo yangu. Mwenye yake aseme, jina si lazima.