Umeme wa Mto Pangani ni wa nani hasa?

Wadau, kila umeme ukikatika hapa Kigombe mtu anasema "Tanesco hao", basi yameisha. Lakini ukimuuliza huo umeme ulianzia wapi na nani mwenye mtambo, anabaki kucheka. Bongo hatuna mtambo wa nyuklia wa kuzalisha umeme. Sisi wa Tanga tuna maporomoko ya Mto Pangani, na historia yake ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Tanesco yenyewe ilisajiliwa 1931 ikiwa kampuni ya watu binafsi, enzi za Mwingereza. Dar na miji ya reli ya kati ilikuwa na kampuni yake, Daresco. Ya kwetu iliegemea Pangani Falls, ambako mtambo wa kwanza ulijengwa miaka ya 1930 na baadaye ukafikia megawati 17.5. Mteja mkubwa alikuwa nani? Mashamba ya mkonge! Mashine za kusaga majani ya katani zinataka nguvu. Kwa hiyo umeme ulifika kwa mabwana shamba zamani sana, huku kijiji cha jirani kikiendelea na koroboi.

Hale ikaja 1964, megawati 21, mashine zake ziko chini ya ardhi. Mwaka huohuo serikali ikaanza kununua hisa za kampuni hizi, na mpaka 1975 Tanesco yote ikawa mali ya umma. Juu kabisa ya mto kuna Nyumba ya Mungu, megawati 8, toka 1968. Halafu 1995 ukawashwa mtambo mpya wa Pangani Falls, megawati 68, kuchukua nafasi ya ule mzee. Hela nyingi zilitoka Finland, Norway na Sweden. Jumla megawati 97. Linganisha na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115 uone sisi tulivyo wadogo siku hizi.

Sasa, mali ya umma nayo nusura iuzwe. Mwaka 1997 serikali iliiweka Tanesco kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Mwaka 2002 ikapewa jamaa wa Afrika Kusini, NET Group Solutions, waiendeshe kwa mkataba. Wafanyakazi waligoma kuwapokea, mabosi wapya wakaingia makao makuu wakisindikizwa na polisi. Walikuwa wakali kwa kukusanya madeni, hilo tuwape, ila mgao wa 2006 uliwakuta wakiwa bado wapo! Mvua hakuna, mabwawa makavu, mkusanya madeni angefanya nini? Mkataba ukaisha mwaka huo. Mpango wa kuuza ulikuwa umeshafutwa 2005.

Lakini mimi naona swali la hisa ni dogo. Kubwa ni maji. Mtambo wa Hale hauyanywi maji, unayapitisha tu, yakazungushe tena mashine za Pangani Falls huko chini. Tone moja linafanya kazi mara mbili, na kama limetoka Nyumba ya Mungu ni mara tatu. Likichepushwa kwenda shambani kabla ya kufika, zote hizo zimekosa. Na kule juu Wachagga wana mifongo yao na Wapare wana ndiva zao, walikuwa wakimwagilia kabla hata Mjerumani hajafika. Wafadhili wa mtambo mpya hawakutaka kujenga mashine zije zikose maji, na ofisi ya bonde la Pangani ikaanzishwa 1991. Ikaja na vibali na ada. Mkulima ambaye babu yake ndiye aliyechimba mfereji anaambiwa alipie maji! Ugomvi ule ulikuwa lazima.

Na huku mdomoni mwa mto, Pangani mjini, mto ukipungua nguvu bahari inapanda. Maji ya chumvi yanaingia ndani mtoni na wenye mashamba ya kando wanaumia. Hawa hawana kibali wala mita, na hakuna mashine inayozimika wakikosa maji baridi.

Kwa hiyo mtambo ni wa Tanesco, Tanesco ni ya serikali, na mto una wenyewe kibao kutoka Kilimanjaro mpaka baharini. Wadau wa Hale, Korogwe na Pangani, kwenu mto ukoje msimu huu? Semeni hapo chini.