Mtoto Hushiba Uji, Lakini Haongezeki Uzito

Mtoto mwenye afya hukua kwa kasi ya ajabu. Afikapo miezi 5 hivi, uzito aliozaliwa nao huwa umeongezeka maradufu. Akitimiza mwaka mmoja huwa karibu mara tatu. Mara nyingi kasi hiyo hufifia baada ya miezi 6, maziwa ya mama yasipotosha peke yake na uji unapoanza. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Maradhi, hasa kuharisha, yana sehemu yake. Hapa tutazame uji wenyewe.

Unga wa nafaka una wanga mwingi. Uchemshwapo, punje za wanga hunywa maji, huvimba na kushikamana, hata unga kidogo ukafanya uji mzito. Mama naye huongeza maji ili mtoto aweze kumeza. Tupige hesabu. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua kiasi cha mililita 240 kwa mlo. Iwapo kila gramu 100 za uji zina gramu 5 za unga, mlo huo humpa kilokalori 42 hivi. Milo mitatu ni 126, ilhali mtoto wa miezi 9 hadi 11 anyonyaye huhitaji kilokalori zipatazo 300 kwa siku kutoka katika vyakula vingine. Mtoto huyu ameshiba kweli, na bado ana njaa.

Wapishi wa pombe wanajua siku nyingi kwamba kimea hulainisha uji. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa mifupi isiyoshika maji mengi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilichunguza jambo hili kwa ajili ya watoto. Uji wenye gramu 20 za unga katika kila gramu 100, ukiachwa upoe kiasi na kutiwa kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, hulainika kwa dakika chache. Mlo ule ule sasa hutoa kilokalori 168. Kisha huchemshwa tena kuua vijidudu. Kimea cha mtama chataka hadhari: machipukizi yake hutoa sayanidi, hivyo huondolewa pamoja na vijizizi kabla ya kusaga. Wala kimea si badala ya maharage, karanga na dagaa.

Shuleni jaribio ni rahisi. Pikeni uji mzito, mgawanye katika vikombe viwili ukiwa vuguvugu. Kimoja kitiwe kimea kikavu, cha pili kimea kilichokorogwa katika maji kidogo na kuchemshwa kwanza. Kikombe cha pili kitabaki kizito, kwa kuwa moto umekwisha kuiharibu amilesi.