Tiketi iwe mkononi mwa anayeruka

Mwaka 1980, Gilles Ste-Croix alitembea juu ya mironjo karibu kilometa 90, kutoka Baie-Saint-Paul hadi mji wa Quebec nchini Kanada, akitafuta fedha za kundi lake la wasanii wa barabarani. Ni kama mtu atoke Baraka, apite hapa kwetu Mboko, Fizi, mashariki mwa Kongo, aingie Uvira bila nyayo zake kugusa udongo. Mwaka 1984 yeye na mwenzake katika kundi hilo, Guy Laliberté, wakaanzisha Cirque du Soleil, na biashara ya sarakasi ikageuka.

Walianza kwa kutua mzigo. Sarakasi za zamani zilizunguka na tembo na simba, na mnyama hula hata siku ambayo hakuna mtazamaji. Wao hawakuwa na wanyama. Waliweka hadithi, muziki, mavazi na mwili wa binadamu, wakawauzia watu wazima tiketi za bei ya juu. Ringling Bros. ya Marekani ilichelewa: tembo waliondoka 2016, ikafunga 2017 ikiwa na miaka 146, na iliporudi 2023 haikuwa na mnyama hata mmoja.

Basi mtaji mkubwa wa kazi hii ni mwili uliofunzwa, na huo haununuliwi ng'ambo. Mchanga wa ufuo wa Ziwa Tanganyika unatosha kuanzia. Tazama vijana wa Mboko wanavyojenga piramidi: wa chini anakunja magoti kidogo, anayepanda anakanyaga paja karibu na nyonga, kisha bega, kamwe si katikati ya uti wa mgongo. Elimu hiyo hupatikana kwa mazoezi na kwa kuaminiana.

Jirani zetu wameonyesha njia. Winston Ruddle, mwanasarakasi wa Zimbabwe, alifungua shule ya sarakasi Dar es Salaam mwaka 2003, na wasanii wa Kiafrika wakazunguka Ulaya na onyesho la Mother Africa. Nairobi, Sarakasi Trust waliichukua sinema ya zamani ya Shan, mtaa wa Ngara, wakaifanya Sarakasi Dome. Hatua hiyo naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mwenye ukumbi hupata mapato hata msanii akiwa amepumzika.

Wengi wa wanasarakasi wetu wa Afrika Mashariki huishia kuuza kuruka kwao tu. Onyesho, jina, muziki na video hubaki kwa aliyewaajiri. Goti likiumia, mkataba umekwisha. Wala ukubwa wa kampuni si kinga: korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, Cirque du Soleil iliachisha kazi watu wapatao 3,500.

Kwa hiyo kundi la vijana hawa wa Mboko lianze na vitu vinne. Liwe na onyesho lake lenye hadithi ya kwetu, ya ziwa, ya wavuvi wa ndagala, ya waliokimbia vita hadi Kigoma wakarudi. Lifuate siku za soko, ambako watu wamekwisha kukusanyika. Mashirika yakilipa maonyesho ya kuhamasisha juu ya kipindupindu, fedha zipokelewe, lakini zisiwe mlango pekee, maana mradi una mwisho. Na kabla ya ziara yoyote, iandikwe kwenye karatasi nani ana haki ya jina na picha, na nani analipa matibabu.

Vijana wetu wamekwisha kulipa kwa jasho na maumivu. Wazazi, machifu na wafanyabiashara wa Fizi wawasaidie kumiliki kazi yao, ili faida ya kuruka kwao ilale nyumbani.