Bunia: Katika kartie Saio, mkanda wa ngozi unaobeba mkate wa mpiga picha

Jumatatu asubuhi, juu ya meza ya fundi wa viatu mmoja wa kartie Saio, mjini Bunia, hakukuwa kiatu. Kulikuwa kipande kirefu cha ngozi ya ngombe, mshumaa, uzi wa nailoni, na kamera iliyofungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Mwenye kamera, mpiga picha wa ndoa, alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa mbili. Hakutaka kurudi nyumbani kabla ya kuona kwa macho yake jinsi mkanda unavyoshonwa.

Ana sababu. Mkanda wake wa kwanza ulimwacha barabarani. Ulikuwa wa nailoni, mweusi, wa bei ndogo, wenye ndoano ya chuma kila upande, zile zinazofanana na ndoano za mifuko ya wanawake. Alikuwa anatoka kwenye ndoa, nyuma ya motari, pikipiki ikaingia ndani ya shimo. Nailoni haikukatika. Ndoano moja ndiyo iliyofunguka, na aparei ikaenda chini. Picha zilipona ndani ya kadi, na bibi arusi hakujua kitu. Lakini lenzi ilivunjika pale inapojifunga na kamera, na kwa majuma kadhaa mpiga picha huyo alifanya kazi kwa kamera ya kukodi, akigawana malipo na mwenye kamera hiyo.

Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kucheka: habari nzima juu ya mkanda? Lakini simu imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya wapiga picha. Kila mtu anajipiga mwenyewe. Kilichobaki ni siku ambazo familia haitaki kubahatisha: ndoa, ubatizo, matanga, na sherehe za kumaliza masomo katika mji ambao una Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom na vyuo vingine. Siku hizo watu wanalipa kwa sababu wanaona aparei kubwa. Na mara nyingi mpiga picha ana aparei hiyo moja tu. Ikianguka Jumamosi, Jumapili hana kazi.

Uzito wake si wa mchezo. Kamera kama Canon 5D Mark IV ina gramu 890 pamoja na betri yake. Lenzi ya 24-70 ya kampuni hiyohiyo, ambayo wapiga picha wa ndoa wanaipenda, ina gramu 805. Ukiongeza taa ya juu na betri zake, unapita kilo mbili. Kilo mbili za sukari mkononi ni kitu kidogo. Kilo mbili shingoni kutoka kanisa la asubuhi mpaka ngoma za usiku ni jambo lingine. Juu ya pikipiki inakuwa mbaya zaidi: kila shimo linarusha kamera juu, kisha inashuka kwa kishindo, na kwa nukta hiyo moja mkanda unavutwa kwa nguvu inayopita uzito wa kamera mara nyingi.

Kwa hiyo watu wanapotafuta mkanda, wanauliza kwanza kama ni ngozi nzuri. Fundi wa Saio haanzii hapo. Yeye aligeuza kamera na kutazama vile vijicho viwili vya chuma vilivyo kwenye mabega yake. Ni vidogo sana. Kitakachopita ndani yake ni kitu chenye upana wa sentimita moja hivi, si zaidi. Begani, mkanda unahitaji karibu sentimita nne ili usikate nyama. Basi kila mkanda wa kamera, uwe wa kiwandani au wa mkono, lazima upungue kutoka sentimita nne mpaka moja. Hapo ndipo mikanda inapofia. Katikati hapakatiki karibu kamwe, inakatika pembeni, mahali ambapo kipana kinaungana na chembamba, au chembamba kinaungana na chuma.

Watu wa mashariki ya Kongo wamekwisha kuona umbo hilo mahali pengine. Wamama wanaobeba kuni na magunia mgongoni katika milima ya Lubero na Butembo wanapitisha mkanda juu ya paji la uso: mpana kichwani, mwembamba kwenye ncha zinazofunga mzigo. Wanawake Wambuti wa msitu wa Ituri wanabeba vikapu kwa namna hiyo, na mkanda wao unatoka kwenye ganda la mti. Hakuna mama anayetazama uzuri wa mkanda kabla ya kuinua gunia. Anavuta fundo.

Msitu huo una kamba nyingine ambayo mpiga picha aliwahi kuifikiria. Upande wa Mambasa, Wambuti wanasokota nyuzi za mmea unaotambaa uitwao kusa, na kwa kamba hiyo wanafuma nyavu za kuwinda. Wavu unapaswa kupokea kishindo cha mboloko anayekimbia kwa nguvu zake zote, na kupokea kishindo ndiyo kazi inayotakiwa hapa. Lakini kamba ni nyembamba, inakata bega, na kuifuma iwe pana ni kazi ya siku nyingi. Inafaa zaidi kwa kitanzi cha mkononi, kwa kamera ndogo.

Zilibaki basi ngozi, nailoni, na ule mkanda wa kiti cha gari unaotolewa kwenye magari yaliyokufa. Huu wa mwisho haupewi heshima unayostahili. Kanuni za kimataifa zinadai kwamba mkanda wa kiti ubebe mvuto wa karibu kilo 1,500 bila kukatika. Ni laini, ni mpana, haunywi maji sana, na gereji yoyote inaweza kuwa nao. Ubaya wake ni kwamba unateleza juu ya shati, na ukikaa jua la miaka mingi unachoka: ukiona rangi imepauka na nyuzi za pembeni zinasimama kama manyoya, uache. Kitenge ni kizuri kwa kufunika, na siku ya ndoa kinapendeza. Lakini chenyewe hakibebi kitu. Anayeshona mkanda wa kitenge bila mkanda mwingine ndani yake anashona pambo.

Ngozi nayo ina udanganyifu wake. Ituri ni jimbo la wafugaji, ingawa vita vilivyoanza upya katika Djugu mwishoni mwa 2017 vimepora ngombe wengi. Hata hivyo, si kila kinachoitwa ngozi sokoni kilitoka kwa ngombe. Njia ya kujua ni kutazama pale ilipokatwa. Ukiona kitambaa chini na plastiki juu, hiyo si ngozi, na jua litaibandua kama ganda la ndizi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina rangi ya kahawia mpaka ndani: ni ngumu mwanzoni, hainyooki sana, inalainika kwa kuvaliwa. Ile ya dawa za kiwandani mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Ni laini tangu siku ya kwanza, lakini inarefuka. Ngozi mbichi iliyokaushwa juani tu haifai hata kidogo: mvua moja ya Bunia inailainisha na kuipa harufu, kisha ikikauka inakuwa kama mbao.

Fundi alichagua ngozi ya kahawia ya mkoba wa zamani wa shule, ambao mwenyewe aliuacha kwake bila kurudi kuuchukua. Alikata vipande viwili na kuviweka mgongo kwa mgongo, na katikati, sehemu ya bega tu, akalaza kipande chembamba cha sponji. Mpiga picha alitaka mpira wa ndani wa gurudumu chini yake ili mkanda usiteleze. Fundi alikataa. Mpira huo ukipata jasho unaacha alama nyeusi, na mpiga picha wa ndoa anavaa shati jeupe. Akageuza ngozi ili upande wake wenye manyoya madogo ndio ukae juu ya shati.

Urefu hakuupima kwa mita. Alimsimamisha mteja wake, akapitisha uzi kutoka bega la kushoto mpaka mfupa wa nyonga ya kulia, akauzungusha nyuma. Kwa mtu huyo ilifika karibu mita moja na sentimita thelathini. Kamera ikikaa nyongani, mkono unaikuta bila kuitafuta, na ukiwa juu ya pikipiki unaweza kuisukuma mbele na kuifunika kwa koti. Ikining'inia shingoni inagonga kifua, na kila anayekuja mbele yako anaiona kwanza kabla ya kukuona wewe.

Hilo la kuonekana lina uzito wake katika mji huu. Mikanda inayotoka pamoja na kamera imeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na wakati mwingine hata aina ya kamera. Kiwandani ni tangazo. Usiku, katika njia isiyo na taa, ni tangazo vilevile, ila kwa mtu mwingine. Mkanda wa kahawia usio na neno unaweza kuwa wa mkoba wowote. Na tangu Ituri na Kivu ya Kaskazini ziwekwe chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, mtu anayebeba kamera amejifunza pia kufika kizuizini kamera ikiwa imetulia ubavuni, imefunikwa, na mikono yake miwili ikiwa wazi. Hilo haliwezekani kama mkono mmoja ndio unaoshika kamera.

Kuna wanaoweka waya wa chuma ndani ya mkanda ili mwizi asiukate kwa kisu. Makampuni ya nje yanauza mikanda ya namna hiyo, na fundi angeweza kutumia waya wa breki ya baiskeli. Wawili hao walijadiliana kwa muda, kisha wakaacha. Mkanda usiokatika, ukiwa umeupitisha mwilini, na mnyang'anyi akiwa juu ya pikipiki, unamvuta mwenye kamera pamoja na kamera. Lenzi inatengenezwa. Shingo ni habari nyingine.

Kisha ikaja kazi yenyewe, na hapo fundi hakusema sana. Kwa ncha mbili hakutumia ngozi kupita ndani ya vijicho. Alichukua utepe wa nailoni wa sentimita moja, uliotolewa kwenye mfuko wa mgongoni, akachoma ncha zake kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke, akauingiza kati ya vipande viwili vya ngozi kwa urefu wa vidole vinne. Vidole vinne, si kimoja. Mkanda wa zamani ulikuwa umeshonwa kwa urefu usiofika ukucha. Ndoano hakuweka kabisa. Utepe unapita moja kwa moja ndani ya kijicho cha kamera, unarudi kwenye kifungo cha plastiki, unapita mara mbili.

Mashine ya kushona ilikuwa hapo karibu, kwa jirani, lakini hakuitumia. Mshono wa mashine ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi: uzi mmoja ukikatika, mwingine unalegea na mshono unaanza kufunguka. Fundi wa viatu anashona kwa sindano mbili na uzi mmoja mrefu, sindano moja kila upande, zikipishana ndani ya tundu moja. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado unashika. Aliupitisha uzi juu ya mshumaa mara kadhaa, akatoboa matundu kwa umbali wa milimita nne hivi. Mpiga picha alitaka matundu ya karibu zaidi, akifikiri yangekuwa na nguvu zaidi. Ni kosa la wengi. Matundu yakibanana, ngozi inachanika juu ya mstari kama karatasi ya daftari.

Mkanda wa kampuni ya Peak Design ya Marekani unauzwa zaidi ya dola 60 huko kwao, kabla ya kusafirishwa. Una kitu kimoja kizuri cha kuiga: kamba ndogo zinazoshika kamera zina rangi nyingine ndani, na ganda la juu likilika, rangi hiyo inatokea na kumwambia mwenyewe abadilishe. Fundi wa Saio hajawahi kuziona kamba hizo, lakini chini ya mshono wa ncha zote mbili aliacha kipande kidogo cha uzi mwekundu. Uzi mwekundu ukionekana, mwenye kamera ajue mshono wa juu umekwisha.

Saa nane mkanda ulikuwa tayari, na mpiga picha akanyosha mkono. Fundi hakumpa. Aliufunga kwenye boriti ya paa, ncha zote mbili chini, akatundika bidoni ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 20, mara kumi ya kamera pamoja na taa yake. Aliinua bidoni kidogo na kuiachilia, mara tatu, kisha akaiacha ining'inie na kurudi kwenye viatu vya watu wengine vilivyokuwa vinamngoja.

Kesho yake, ncha ya kushoto ilikuwa vilevile. Ya kulia ilikuwa imeteremka milimita mbili, na tundu la kwanza limefunguka kama mdomo. Fundi alikata mshono wote wa upande huo, akautoa utepe na kuuingiza vidole vitano badala ya vinne, akaanza upya. Bidoni ikarudi juu kwa usiku wa pili. Mpiga picha hakulalamika. Ndoa iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya Jumamosi.

Alipokuja kuuchukua Jumatano, alilipa, akafunga kamera na kuipitisha mwilini, na fundi akamwagiza arudi kabla ya ndoa za Desemba atazame nyuzi, bila kulipa. Kisha akapanda nyuma ya motari. Mpaka kona ya barabara, mkono wake mmoja ulikuwa bado juu ya lenzi.