Jino na daftari: kazi inayowasubiri vijana wa Kasongo na Kabambare

Mgonjwa wa meno anayejulikana kuliko wote katika historia ya Kabambare alikuwa daktari mwenyewe. David Livingstone alikwama huko, mahali alipopaandika Bambarre, kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, miguu imejaa vidonda. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867. Meno nayo yalikuwa yamevunjika na kulegea kwa kutafuna mahindi na vyakula vigumu. Katika barua aliyoandika kutoka Manyema, ndiyo Maniema ya leo, alieleza jinsi alivyokuwa akiyang'oa: anafunga uzi imara kwenye jino, ncha ya pili anaifunga kwenye kisiki, kisha anaupiga uzi ule kwa bastola nzito au kwa fimbo.

Udaktari alikuwa nao. Alichokosa ni dawa iliyotunzwa, kifaa safi, na mtu wa kuhakikisha kwamba vitu hivyo vipo siku vinapohitajika. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie: msimamizi wa huduma ya meno. Naamini kwamba kijana wa Maniema ya kusini anaweza kuifanya kazi hiyo maisha yake yote na akaheshimika kwayo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo yanazuilika. Kwetu, jino huvumiliwa hadi shavu livimbe. Hapo ndipo mama hupanda pikipiki kutoka Kabambare, akavuka zaidi ya kilomita 100 za udongo na matope hadi Kasongo. Akifika na kuambiwa ganzi imekwisha, kosa si la munganga peke yake. Kuna hesabu ambayo haikufanywa miezi mitatu nyuma.

Tuifanye hapa. Kituo kinatumia sindano 60 za ganzi kwa mwezi, na mzigo unachukua miezi miwili kufika. Safari peke yake inakula sindano 120. Ongeza akiba ya mwezi mmoja kwa ajili ya mvua na barabara mbovu, zinakuwa 180. Basi fishi ya stoku ikionyesha zimebaki 180, agizo liandikwe siku hiyohiyo. Anayesubiri zibaki 50 amekwisha kumfukuza mgonjwa ambaye bado hajaondoka nyumbani kwake.

Hesabu ya pili ni ya usafi. Chukua kituo chenye seti 4 za koleo, na siku ya soko wamefika wagonjwa 10. Kila koleo inayotoka mdomoni huoshwa kwa brashi na sabuni, hukaushwa, hufungwa, halafu huingia kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 30. Ukihesabu kuosha, kupasha moto na kupoza, karibu saa moja na nusu imepita. Utepe uliobandikwa juu ya kifurushi hugeuka rangi, mistari yake ikawa myeusi, na msimamizi huandika saa na kutia sahihi. Mgonjwa wa tano, je? Pasipo mpango, kishawishi ni kuchovya koleo kwenye spiriti na kuendelea, na hapo homa ya ini au virusi vya UKIMWI huweza kuhama kutoka mdomo hadi mdomo. Msimamizi anayejua kazi yake hugawa namba mapema: wanne asubuhi, wanne adhuhuri, wawili jioni. Kisha huomba seti mbili zaidi, na daftari lake ndilo hoja yake.

Watu wa Kasongo hawahitaji kufundishwa na wageni thamani ya daftari. Kuanzia 1971, Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijenga mtandao wa vituo vya afya vilivyoegemea hospitali moja ya rufaa. Watoto waliandikwa na kufuatiliwa mmoja mmoja. Kutokana na madaftari hayo, mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, ukazua mjadala duniani. Uzoefu huo ulichangia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilipogawa nchi katika zoni za afya 306. Leo zoni ni zaidi ya 500, zikiwemo Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi na Kabambare.

Mradi ule ulifundisha pia jambo la bei. Mgonjwa alilipa kiasi kimoja kwa ugonjwa mzima, bila kudaiwa upya kila anaporudi. Kwa meno somo hilo ni zito. Anayeogopa bili isiyojulikana huja siku ya jipu, lakini anayejua bei kabla ya kutoka nyumbani huja tundu likiwa bado dogo.

Tundu dogo halihitaji umeme. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino kwa saruji maalumu inayogandamana nalo. Saruji inayotumika sasa kwa njia hiyo iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Kabla ya kununua mashine inayokunywa mafuta ya jenereta, msimamizi wa Kabambare aipime njia hii kwanza.

Mlango wa kuingilia upo. Mwenye diploma ya serikali upande wa biashara tayari anajua kitabu cha fedha. Vyuo vya mbinu za tiba (ISTM) nchini Kongo hufundisha usimamizi wa taasisi za afya, na kila zoni ina nafasi ya administrateri-jesionere, AG kama tunavyomwita. Atakayeongeza ujuzi wa meno juu ya usimamizi huo atakuwa mtu adimu. Ugumu wake pia tuuseme: watumishi wengi wa afya nchini hawapati mshahara wa serikali, huishi kwa posho (prime) na malipo ya wagonjwa. Ndiyo maana hesabu safi ni kinga ya wafanyakazi pia, kwa kuwa kila mmoja huona kilichoingia na jinsi kilivyogawanywa.

Kijana anayetaka kuanza, aanze na daftari moja na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Alijaze kila jioni kabla ya kufunga mlango. Siku mama wa Kabambare atakaposhuka kwenye pikipiki, shavu limevimba, ataketi kwenye kiti, munganga atanyoosha mkono kabatini, na ganzi itakuwepo.